Mtoto Anayejisemea: Namna ya Kumsikiliza na Kumsaidia Afikiri Vizuri

Msimu wa korosho ukifika, watoto wadogo wa Newala, Tandahimba na Masasi nao hupata vijikazi vyao pale uani. Mpe mtoto wa miaka minne fungu dogo la korosho zikiwa na maganda yake, mwambie atenge nzuri na mbovu, kisha kaa pembeni usimsemeshe. Haipiti muda utamsikia: "Hii kubwa. Hii... hii imetoboka. Huku. Hapana, siyo huku, huku za nzuri. Zilizotoboka zinakaa huku." Hamwambii mtu yeyote. Ukimwuliza "unasemaje?", huenda akakutazama tu, asijue hata kama alikuwa anasema kitu.

Watu wazima hupokea jambo hili kwa namna mbili. Wapo wanaokatiza: "Wewe, fanya kazi, acha maneno!" Na wapo wanaoingiwa na hofu, hasa mtoto anapoongea kwa muda mrefu chumbani peke yake. Wanaanza kuulizana chinichini kama ana jini, au kama akili zake ziko sawa. Nafundisha darasa la awali hapa Mtwara mjini, na kila Januari, wazazi wapya wanapokuja kuandikisha watoto, yupo anayeniuliza swali hilo kwa sauti ya chini. Ninawajibu wote kitu kimoja: mtoto huyo anafikiri. Bado hajaweza kufikiri akiwa amenyamaza, kwa hiyo anafikiri kwa mdomo. Ukimnyamazisha, unampunguzia uwezo wa kufanya ileile kazi uliyompa.

Mwongozo huu ni wa mzazi, bibi, babu, dada wa nyumbani na mwalimu mwenzangu. Hauhitaji vifaa vya kununua. Unahitaji masikio, subira, na wewe mwenyewe kukubali kuongea kwa sauti mbele ya mtoto.

Unachokisikia ni nini hasa

Mwaka 1923, Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alichapisha kitabu kuhusu lugha na fikra za mtoto, baada ya kuwasikiliza watoto wadogo shuleni Geneva na kuandika maneno yao. Aliona kwamba maneno mengi ya watoto hao hayakuwa na msikilizaji. Alichoamini ni kwamba mtoto mdogo bado hawezi kujiweka mahali pa mwenzake, kwa hiyo anaongea bila kujali kama anaeleweka. Akikua na kujua kuzungumza na watu, maneno hayo hufifia na kupotea.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyezaliwa 1896 sawa na Piaget, hakuridhika na maelezo hayo. Yeye na wenzake waliwaacha watoto wachore, halafu wakawawekea kikwazo: karatasi haipo, au penseli ya rangi inayotakiwa haipo. Kujisemea kukaongezeka karibu maradufu. Kuna tukio moja alilolieleza ambalo mimi huwasimulia wazazi mara nyingi. Mtoto wa miaka mitano na nusu alikuwa anachora tramu, lile gari la abiria linalopita kwenye reli mjini. Ncha ya penseli ikavunjika akiwa kwenye gurudumu. Akakandamiza, ikatoka alama tupu isiyo na rangi. Akajisemea, "Imevunjika," akaweka penseli chini, akachukua rangi za maji, akaanza kuchora tramu iliyopata ajali na kuvunjika. Neno moja lilibadilisha mpango mzima wa kazi. Hakulisema ili mtu amhurumie. Lilimsaidia kuona tatizo na kutafuta njia nyingine.

Vygotsky alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37, na kitabu chake kikuu kilitoka mwaka huohuo. Tafiti zilizofuata zimemuunga mkono katika jambo hili kubwa: maneno ya kujisemea hayapotei, yanaingia ndani. Mtoto huanza kwa kuambiwa na wengine: "Shika vizuri, taratibu, usimwage." Kisha anajiambia mwenyewe kwa sauti maneno yaleyale. Baadaye sauti inashuka ikawa mnong'ono, halafu midomo inacheza tu, na mwisho anajisemea kimoyomoyo.

Umri ni wa kukadiria, maana watoto hawalingani. Kabla ya miaka mitatu, mengi ni kutaja majina na kurudiarudia maneno ya mchana. Ruth Weir, mtaalamu wa lugha, alirekodi maneno ya mwanawe wa miaka miwili na nusu akiwa kitandani kabla ya kulala, akayachapisha mwaka 1962. Mtoto yule alikuwa akibadilisha sentensi neno mojamoja, akifanya mazoezi ya lugha bila mwalimu. Kwa hiyo bibi unayemsikia mjukuu anaongea gizani kabla usingizi haujamchukua, lala kwa amani. Kati ya miaka minne na sita ndipo kelele za kujisemea zinapokuwa nyingi zaidi. Kuanzia sita mpaka nane zinageuka mnong'ono na midomo inayochezacheza. Baada ya hapo sehemu kubwa iko ndani, ila hurudi nje kazi inapokuwa ngumu. Lawrence Kohlberg na wenzake waliripoti mwaka 1968 kwamba watoto wenye uelewa wa juu hufika kwenye kilele cha kujisemea mapema kuliko wenzao. Hilo peke yake lingetosha kuwatuliza wazazi wanaodhani kujisemea ni dalili ya uzito wa akili.

Na sisi wakubwa hatujaacha. Msikilize fundi cherehani anapopima kitambaa cha ghali, au mama wa genge akirudisha chenji ya noti kubwa huku wateja watatu wanamsemesha.

Hatua ya kwanza: sikiliza siku kadhaa bila kurekebisha kitu

Chukua daftari. Mtoto akiwa anacheza au anafanya kazi ndogo, andika maneno yake kama yalivyo, pamoja na kile mikono yake ilichokuwa inafanya. Usimkodolee macho, maana akijua anatazamwa atageuza maneno yawe maongezi na wewe.

Kitu kikubwa cha kuangalia ni *wakati* maneno yanapotoka. Vygotsky alilionyesha hili kwa michoro. Mtoto mdogo sana anachora kwanza, anamaliza, anaangalia, ndipo anasema, "Hii ni nyumba." Akikua kidogo, anaipa jina katikati ya kazi. Akikua zaidi anatangaza kabla hajagusa karatasi: "Nachora mtumbwi, halafu samaki." Hapo neno limehama kutoka mkiani mwa tendo likaja mbele, na likishakuwa mbele linaweza kuongoza. Mtoto anayesema kabla ya kutenda ameanza kupanga. Ukiwa na daftari lako utaliona badiliko hili mwenyewe, na kwa kweli kuna furaha kubwa kuliona.

Angalia pia maneno yanahusu nini. Yapo yanayohusu kazi: "hiki hakiingii, nigeuze." Yapo ya michezo ya kuigiza, mtoto akiwa dereva wa basi na kondakta kwa pamoja, anaita abiria wa Mnazi Mmoja na Lindi. Yapo ya hisia: "sitaki, linaniudhi hili." Yote ni mazuri, ingawa ya kwanza ndiyo yanayogusa moja kwa moja umakini na utatuzi wa matatizo. Ukiona siku nzima hakuna hata neno moja la kazi, ruka uende hatua ya tatu, maana huenda hajawahi kusikia mtu akijisemea kazi.

Hatua ya pili: acha amri ya "nyamaza"

Hapa nina ugomvi wa wazi na desturi yetu. Tunasifu mtoto mtulivu, anayekaa kitako na mdomo umefungwa, na darasa tulivu tunaliita darasa zuri. Adabu ni jambo la thamani na siibezi. Lakini mtoto wa miaka mitano anayejisemea wakati wa kupanga vizibo hajakosa adabu. Adam Winsler na wenzake huko Marekani waliwafanyisha watoto wa miaka mitano kazi ileile, mara wakisema kwa sauti, mara wakiwa kimya. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007, asilimia 78 ya watoto walifanya sawa au vizuri zaidi walipojisemea.

Mahali panapohitaji utulivu kweli, kama msibani, msikitini, kanisani, au mdogo wake amelala, usimwambie anyamaze kabisa. Mwambie: "Sema kwa sauti ndogo, ya kusikia wewe tu." Mtoto wa miaka mitano anaweza hilo akifundishwa. Wa miaka mitatu hataweza kwa muda mrefu. Huyo mtoe nje kidogo.

Mweleze na kaka yake mkubwa asimcheke. Wapo watoto wanaoacha kujisemea mbele ya watu kwa sababu ya kuchekwa, si kwa sababu wamekua.

Hatua ya tatu: jisemee wewe, akusikie

Maneno ya mtoto yanatoka kwetu. Kwa hiyo, nyumbani, tia sauti kwenye kazi zako ambazo kwa kawaida unazifanya kimya. Ninaposema hivi kwenye kikao cha wazazi, akina mama hucheka, kisha tunajaribu palepale na ungo wa choroko.

Tuseme unachambua choroko. Kwa kawaida ungechambua huku unawaza mengine. Leo sema taratibu: "Nataka nini hapa? Nataka choroko tupu, bila mawe. Naanza upande huu. Hii jiwe, inatoka. Hii imeoza, inatoka. Mh, hii sijui. Ngoja niiguse... ngumu sana, ni jiwe. Upande huu umeisha. Ngoja nirudie kuangalia. Aa, kumbe limebaki moja! Si kitu, nalitoa. Sasa zimekuwa safi."

Angalia vilivyomo kwenye maneno hayo machache: lengo, mahali pa kuanzia, namna ya kuamua penye shaka, kurudia kukagua, na kosa kurekebishwa bila hasira. Hicho cha mwisho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Watoto wetu hutusikia mara nyingi tukikosea na kufoka. Ni nadra wasikie mtu mzima akisema "nimekosea, si kitu, narudia", halafu akarudia kweli.

Fanya hivyo kwa kazi moja au mbili kwa siku, zisizo na haraka. Baba anayefunga mzigo kwenye baiskeli anaweza. Babu anayeshona wavu anaweza. Kazi yoyote yenye hatua inafaa, isipokuwa ya hatari. Kubangua korosho mbichi, kwa mfano, si kazi ya mtoto kwa namna yoyote, kwa sababu mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi. Kutenga zenye maganda mazima inatosha.

Hatua ya nne: kazi imzidi kidogo, isimshinde

Kujisemea huongezeka kazi inapokuwa ngumu kiasi. Ikiwa rahisi mno, mtoto hana haja ya kuongea. Mikono inajiendea yenyewe. Ikiwa ngumu mno, maneno hukatika, analia au anaondoka. Ukiona amenyamaza, usikimbilie kusema hataki kufikiri. Angalia kwanza kazi yenyewe.

Mdako ni mfano mzuri, na vijiwe havinunuliwi. Kwa mtoto wa miaka mitano, acha atupe jiwe juu na kutoa kijiwe kimoja tu shimoni kabla ya kudaka. Akiweza bila kuongea, ongeza: atoe viwili, abakize kimoja, arudishe kingine. Hapo utaanza kusikia: "Natupa... toa viwili... rudisha... nadaka." Akishindwa mara nyingi mfululizo, punguza. Kazi yako ni kusogeza ugumu mbele na nyuma mpaka maneno yatoke, kisha kumwacha.

Hatua ya tano: uliza, halafu subiri

Mtoto akikwama, mkono wa mtu mzima huenda haraka kumalizia. Uzuie. Uliza swali ambalo kesho angeweza kujiuliza mwenyewe: "Umefika wapi?" "Kipi kinafuata?" "Mara ya kwanza ulifanyaje?" Halafu funga mdomo. Ukimya wako utauona mrefu. Uvumilie, maana ndani yake mtoto anatafuta neno. Asipolipata, mpe kidokezo kidogo kuliko jibu: "Angalia ukingo wake." Akishaendelea, jitoe tena.

Maswali haya ndiyo yatakayogeuka maneno yake. Baada ya wiki kadhaa utamsikia akijiuliza "kipi kinafuata?" kwa lafudhi yako kabisa, hata na ile namna yako ya kuvuta neno la mwisho. Hapo ujue mbegu imeota.

Hatua ya sita: ngazi tano kwa mtoto anayekurupuka

Wapo watoto wanaoanza kazi kabla hujamaliza kueleza, wanaofuta mpaka karatasi inatoboka, wanaojibu bila kusoma swali. Mwaka 1971 Donald Meichenbaum na Joseph Goodman walichapisha njia waliyoitumia kwa watoto wa darasa la pili wenye tabia hiyo. Naitumia kwa kunakili maumbo, kuandika namba na hata kufunga kamba za viatu. Inakwenda hivi:

1. Mtu mzima anafanya kazi huku anajisemea kwa sauti, mtoto anatazama.
2. Mtoto anafanya, mtu mzima anamsemea hatua kwa hatua.
3. Mtoto anafanya na kujisemea mwenyewe kwa sauti.
4. Mtoto anafanya akinong'ona.
5. Mtoto anafanya akijisemea kimoyomoyo.

Usizipande zote siku moja. Ngazi ya tatu ndiyo inayochukua muda mrefu, na ndiyo ambayo walimu wengi huiruka kwa kuona aibu ya kelele. Maneno yawe machache na yawe ya mtoto. Mimi humpa manne tu: "Natakiwa nini? Taratibu. Nimefika wapi? Nikague." Akiyabadilisha yawe ya kwake, mwache. Mwanafunzi wangu mmoja aligeuza "nikague" kuwa "ngoja nione kama imenidanganya", na likamfaa kuliko langu.

Mfano wa hesabu, kwa aliyefika darasa la pili na kujifunza kutoa kwa kukopa. Namba ni 43 toa 17. Anasema: "Tatu toa saba, haitoshi. Nakopa kumi. Nne imebaki tatu, niandike juu. Kumi na tatu toa saba... sita. Tatu toa moja, mbili. Ishirini na sita. Nikague: ishirini na sita na kumi na saba... arobaini na tatu. Sawa." Mtoto anayefanya kimya mara nyingi husahau kwamba ile nne imekuwa tatu. Sentensi moja, "nne imebaki tatu", inamlinda. Jennifer Bivens na Laura Berk waliwafuatilia watoto wa Marekani kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu wakiwa wanafanya hesabu darasani, na katika ripoti yao ya 1990 maneno ya kazi yalishuka kutoka sauti kwenda mnong'ono mwaka hadi mwaka, huku watoto wakizidi kutulia na kuzingatia kazi.

Lazima niseme na upande wa pili. Kwa watoto wenye shida halisi ya umakini, ile ambayo hospitalini huitwa ADHD, tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba mafunzo ya kujisemea peke yake hayatoshi. Mara nyingi faida hubakia kwenye kazi ileile aliyofundishiwa. Watoto hao pia huchukua muda mrefu zaidi kabla maneno yao hayajaingia ndani, kwa hiyo mtoto wa namna hiyo wa miaka tisa anayejisemea kwa sauti anahitaji uvumilivu zaidi, pamoja na msaada wa wataalamu.

Kuhusu kujizuia: "usiguse" haimsaidii mwenye miaka mitatu

Alexander Luria, mwenzake Vygotsky, aliwapa watoto kifuko cha mpira cha kubonyeza. Taa ya rangi moja ikiwaka wabonyeze, ya rangi nyingine wasibonyeze. Watoto wadogo, wa miaka mitatu hivi, walipojiambia kwa sauti wasibonyeze, mkono ulibonyeza. Sauti yao iliweza kuanzisha tendo, ila haikuweza bado kulizuia. Uwezo wa kujizuia kwa maneno ulikuja baadaye.

Ndiyo maana mtoto mdogo anaweza kusema "usiguse, usiguse" huku kidole kiko ndani ya bakuli la sukari, na bibi akadhani ni jeuri. Mpe badala yake neno la *kufanya*: "Mikono magotini." "Shika kanga ya bibi." "Simama ukutani." Hayo anaweza kujiambia na kuyatii. Akifika miaka mitano, anza kumwongezea ya kujizuia: "Bado kidogo. Nangoja zamu yangu." Wimbo mfupi au kuhesabu mpaka kumi vinasaidia sana wakati wa kungoja chakula kipoe.

Maneno anayojipigia nayo

Katika daftari lako huenda ukakuta "mimi mjinga", "siwezi", "mimi kichwa maji". Usimkemee kwa kuyasema. Jiulize ameyatoa wapi. Kisha mpe maneno yanayotaja kazi badala ya kumtaja yeye. "Siwezi" liwe "hapa pamenishinda, nianze upya". "Mimi mjinga" liwe "nimeruka moja". Hayo mapya lazima ayasikie kutoka kwako unapokosea wewe, vinginevyo atayaona ni ya shuleni tu. Hapa ninawaomba wazazi kwa dhati kabisa, pamoja na walimu wenzangu: tuchunge tunavyomwita mtoto aliyekosea. Jina hilo atakuja kujiita mwenyewe, mahali ambapo hatutamsikia tena.

Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kiswahili?

Yoyote. Mtoto wa kijijini anayekuja darasa la awali akiwa amelelewa na bibi anayesema Kimakonde, atafikiri kwanza kwa Kimakonde. Ukimlazimisha ajisemee kwa Kiswahili wakati bado anakitafuta, unampa kazi mbili kwa pamoja: kutatua tatizo na kutafsiri. Mwache atenge, ahesabu na ajenge kwa lugha ya bibi yake, kisha akueleze wewe kwa Kiswahili alichofanya. Watoto wengi huchanganya, majina ya namba kwa Kiswahili na mengine yote kwa lugha ya nyumbani. Usisahihishe hapo.

Darasani penye watoto wengi

Mwalimu mwenzangu utaniambia: nina watoto wengi, wakijisemea wote si patakuwa soko? Fikiria chuoni, kwenye madrasa zetu za Mikindani na Kilwa. Kila mtoto anasoma mahali pake kwa sauti yake, ubavu kwa ubavu, na hakuna anayempoteza mwenzake. Tumezoea hivyo tangu zamani.

Kinachowezekana ni kugawa muda. Weka kipindi kifupi cha kazi za mikono ambacho kila mtu anaruhusiwa "sauti ya kwake": isimfikie wa dawati la pili. Waonyeshe kwa mfano, wafanye mazoezi mpaka waijue. Wape vizibo, vijiti au mbegu za ukwaju, kila mmoja na fungu lake. Zunguka bila kuuliza maswali, ukisikiliza. Kwa dakika chache utajua nani anahesabu kwa kuruka na nani amekwama, mambo ambayo daftari la kimya halikuambii. Wakati wa jaribio, ruhusu midomo icheze. Kuchezesha midomo si kunakilia mwenzake.

Lini umpeleke kwa wataalamu

Kujisemea kwenyewe si ugonjwa, hata na marafiki wa kubuni. Usikubali mtoto apelekwe kufukizwa au kuchanjwa chale kwa sababu anaongea akicheza. Lakini mpeleke kituo cha afya ukiona mojawapo ya haya: amefika miaka miwili na hajaunganisha maneno mawili; alikuwa anaongea, kisha maneno yakapungua au yakapotea; hageuki akiitwa kwa nyuma, jambo linaloweza kuwa la masikio; anarudia tu maneno ya wengine bila kuyatumia kuomba au kueleza, na hatazami watu; anaonyesha hofu ya kweli ya sauti anazosema anazisikia na zinamwamuru; au utundu na kukosa utulivu vinamzuia kujifunza nyumbani na shuleni pia, kwa miezi mingi.

Ukipewa rufaa, kwa Mtwara kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na kwa Lindi kuna Sokoine. Nenda na lile daftari. Daktari ana dakika chache za kukaa na mtoto, ambaye pengine siku hiyo atanyamaza kwa kuogopa koti jeupe. Maneno uliyoyaandika, pamoja na tarehe na alichokuwa anafanya, yatamweleza daktari mambo ambayo mtoto hatayasema pale.